Hita kwa mavyaa wa Limuru: ipi inunuliwe, na ichomekwe wapi?

Swali: Asalaam aleikum fundi. Mimi ni mkaazi wa Likoni, mume wangu ni mtu wa bara. Mavyaa wangu ana miaka 74, anaishi Limuru na mjukuu mmoja. Nyumba ni ya mawe, juu mabati, haina siling. Kipupwe hiki kila nikimpigia simu ananiambia miguu haishiki joto usiku kucha. Nimepita duka moja la vitu vya ex-UK, yaani mitumba ya Uingereza, hapa mjini nikaona hita tatu: ya feni ya wati 2000, ya taa nyekundu, na ya mafuta yenye mbavu mbavu kama redieta ya gari, wati 1500. Kuna na kijihita kidogo kinachochomekwa pale pale ukutani, muuzaji ananiapia kwamba "hakili umeme". Nimpelekee ipi? Chumbani kwake kuna soketi moja tu mbali na kitanda, kwa hiyo itabidi ekstensheni. Mume wangu anasema nisipoteze pesa, mama ana jiko lake la makaa.

Jibu: Waaleikum salaam dada yangu. Kazi yangu ya kila siku hapa Mombasa ni feni na AC, watu wananitafuta niwapoze. Lakini kila ikifika Juni huanza kuingia hita mlangoni: mzazi ana mtoto chuoni bara, mwengine amehamishiwa kazi Nyahururu, mwengine kama wewe ana mkwe. Wengi huja baada ya kununua. Wewe umeuliza kabla, na hilo limenifurahisha.

Jibu la haraka: chukua ile ya mafuta. Lakini usitoe pesa mpaka ujue soketi ya chumbani kwa mavyaa wako ikoje. Mara nyingi ninapoletewa hita iliyotaka kuunguza nyumba, hita yenyewe huwa nzima. Kilichoungua ni plagi, soketi au ekstensheni.

Nianze na huyo muuzaji na kiapo chake. Hakusema uongo, ila hakumaliza maneno. Umeme wote unaoingia kwenye hita hugeuka joto, hauna pengine pa kwenda. Hita ya mafuta, ya feni, ya taa, ya shilingi elfu mbili au ya elfu ishirini, ukiipa yuniti moja itakurudishia joto la yuniti moja, si zaidi. Kijihita cha ukutani kwa kawaida huwa cha wati 400 au 500. Kinakula kidogo kwa sababu kinatoa joto kidogo. Ukiona maandishi kwenye boksi yanayosema kifaa "kinaokoa umeme kwa teknolojia mpya ya seramiki", ujue unauziwa maandishi.

Hesabu yake ni ya darasa la nne. Wati 1500 kwa saa moja ni yuniti moja na nusu. Akiwasha kwa nguvu zote saa tatu kila jioni ni yuniti 4.5, na kwa mwezi yuniti 135. Tuseme yuniti inamfikia kwa shilingi 30 pamoja na kodi na makato yote (angalia mesej ya tokeni yake ya mwisho, gawanya pesa kwa yuniti, utapata bei yake halisi). Hapo ni shilingi 4,050 kwa mwezi. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalioni mpaka liwaume. Bei ya umeme wa nyumbani hapa Kenya imepangwa kwa viwango: mwisho yuniti 30 kwa mwezi, kisha mpaka 100, kisha zaidi ya 100. Bibi mwenye taa nne, redio na kuchaji simu huenda yuko kile cha chini kabisa. Hita ya kuachiwa ovyo inamrusha mpaka cha juu, na huko hata taa zake zile zile zinamgharimu zaidi. Kwa hiyo swali la kuuliza ni iwake kwa muda wa saa ngapi, wapi, na kwa nguvu kiasi gani.

Sasa chumba. Chumba cha mita 3 kwa 3, kimo mita 2.5, kina hewa isiyofika hata kilo 25. Kuipandisha hewa hiyo digrii 8 kunataka kama sehemu moja ya ishirini ya yuniti, kwa hita ya wati 1500 ni kazi ya dakika mbili. Hebu jaribu basi, washa dakika mbili kwenye nyumba ya mabati Limuru uone kama utavua sweta! Hewa ya moto inapanda juu, inagusa mabati yaliyokwisha kupoa kwa usiku wa bara, joto linaishia nje. Nyingine inatokea pale ukuta unapokutana na paa, na chini ya mlango inaingia baridi kuchukua nafasi yake. Kuta za mawe nazo zinanyonya. Kwa nyumba isiyo na siling unapasha Limuru nzima, na Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Usiku wa Julai kule hushuka hadi karibu digrii 10, pengine chini ya hapo. Sisi huku tukishuka hadi 20 tunatafuta shuka la pili.

Kwa hiyo usijaribu kupasha nyumba, mpashe mtu. Na kama mume wako anatafuta pa kuweka pesa, siling ya chumba kimoja tu, kile anacholala mama yake, itamfaa kuliko hita kubwa. Pazia zito dirishani, nguo iliyokunjwa chini ya mlango, kitanda kisogezwe mbali na ukuta wa nje. Hayo hayana tokeni. Baridi ya ndani kwa mzee si deko: Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kuhusu nyumba na afya lilitaja digrii 18 kuwa kiwango salama cha chini ndani ya nyumba wakati wa baridi. Mavyaa wako akilalamika miguu, msikilize.

Lakini nimesema uzibe chini ya mlango, na hapo ndipo jiko la makaa linapotoka chumbani, dada yangu, lisirudi. Mwambie mume wako kwa heshima zote. Makaa yakishashika yakawa mekundu, yasiwe na moshi hata chembe, watu hudhani hatari imekwisha. La hasha, hapo ndipo yanatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoshika nafasi ya oksijeni ndani ya damu. Mtu anaumwa kichwa kidogo, analegea, anaona usingizi mtamu unamjia, na haamki. Kila msimu wa baridi habari za watu waliolala na jiko zinatufikia kutoka bara. Kuziba mianya ni akili ukitumia umeme, na ni kaburi ukitumia makaa. Jiko libaki jikoni, au nje, au sebuleni mlango ukiwa wazi na watu wakiwa macho, na litolewe nje kabla ya yeyote kulala. Mjukuu naye aambiwe, maana bibi anaweza kuona tunamfanyia maringo.

Tuje kwenye soketi, na hapa utanivumilia nikikaa kidogo.

Simu inachaji dakika arobaini na haivuti kitu. Pasi inavuta sana lakini thamostati inaikata kila baada ya muda mfupi, na ukimaliza nguo unaichomoa. Hita inavuta umeme mwingi kwa saa nyingi mfululizo. Ile ya wati 2000 inavuta zaidi ya ampia 8, ile ya 1500 kama ampia 6 na robo. Soketi yetu ya miguu mitatu ya mraba imetengenezwa kubeba ampia 13, kwa hiyo kwenye karatasi hakuna tatizo. Tatizo liko pale chuma kinapokutana na chuma. Mguu wa plagi unapolegea ndani ya soketi, au skrubu ya waya nyuma ya soketi isipokazwa sawasawa, umeme unapita mahali pembamba na pale panapata moto. Plastiki inaanza kubadilika rangi, chuma kinapoteza mkazo wake, mguu unalegea zaidi, moto unazidi. Wala breka haitakata, kwa sababu ampia hazijazidi. Zimebaki zile zile sita. Joto tu ndilo limejikusanya mahali padogo kuliko ukucha.

Mwaka jana mama mmoja wa Kizingo aliniletea plagi ndani ya mfuko wa nailoni. Ilitoka kwenye hita aliyompelekea binti yake bara. Mguu mmoja, ule wenye fyuzi, ulikuwa mweusi na umeinama kwa sababu plastiki iliyoushika ilikuwa imelainika kama jibini. Mingine miwili ilikuwa inang'aa. Nilipoifungua, fyuzi ilikuwa imezungushiwa ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fundi wa mtaani aliona fyuzi "inakatika katika ovyo" akaitibu. Fyuzi ilikuwa inalia, na yeye akaiziba mdomo.

Kuna dalili moja nataka umwambie mavyaa wako na mjukuu wake, wasiisahau: harufu ya samaki. Plastiki ngumu ya soketi na plagi nyingi ikipata moto kupita kiasi hutoa harufu kali, kama samaki aliyekaa siku mbili. Sisi huku Mombasa tungeweza kuikosa, harufu hiyo iko kila kona kuanzia sokoni Marikiti. Lakini nyumbani Limuru, jioni ambayo hakuna aliyepika samaki, harufu hiyo ikitoka upande wa ukutani, mtu asianze kutafuta panya aliyekufa. Azime kwanza kwenye meni swichi, ndipo achomoe. Asishike plagi ikiwa moto.

Ekstensheni sasa. Zile za bei ya chini za matundu manne au sita, zenye swichi ya taa nyekundu, ndani zina waya mwembamba na vyuma vya kubana vyepesi kama kopo. Kwa TV na redio zinatosha, kwa hita hapana. Kama hakuna njia nyingine, iwe ekstensheni ya tundu moja au mawili, fupi, waya wa milimita za mraba 1.5, imeandikwa ampia 13. Isikunjwe, maana waya uliozungushwa kama kamba ya ng'ombe unajipasha wenyewe. Isipite chini ya zulia wala chini ya mlango. Kitu kingine kisichomekwe hapo. Lakini mimi, ukiniuliza, pesa ya ekstensheni nzuri ningeiongeza kidogo nikamwita fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati hapa Kenya, aje aweke soketi mpya karibu na kitanda, waya wa 2.5 mpaka kwenye boksi la breka. Aangalie na waya wa ile soketi ya zamani umetoka wapi. Nyumba nyingi, za huku na za bara, soketi ya pili imechotwa kutoka kwenye waya wa taa, ule wa 1.5, kwa sababu ndio uliokuwa karibu. Ukiona hita ikiwashwa taa zinafifia, basi ni hivyo, au ni muungano uliolegea. Na aangalie kama ithi, ule waya wa ardhini, ipo kweli. Hita ya mafuta ina mwili wa chuma na bibi ataigusa.

Hita zenyewe nitazipitia haraka. Ya feni inapasha upesi na kwa kuogofya: inapuliza, inapiga kelele, inanyonya vumbi na nyuzi za blanketi. Ya taa nyekundu inapasha kile inachokitazama tu, kwa hiyo kwa mtu aliyekaa kitini inafaa kweli kweli, joto linamfika kabla hewa haijapata habari. Lakini wavu wake unaunguza, na bibi wa miaka 74 aliyejifunga leso mbili na shali hapaswi kukaa nayo karibu. Kijihita cha ukutani kinaning'inia kwenye soketi kwa uzito wake chenyewe, mahali pale pale ambapo nimetoka kukueleza habari zake. Sikitaki.

Ya mafuta ni polepole. Itachukua nusu saa kabla hujaisikia. Mafuta yale hayaungui wala hayaongezwi, yamefungiwa humo yabebe joto. Uso wake ni wa moto lakini hauwaki, na ukiizima inaendelea kutoa joto kwa muda mzuri. Kwa chumba cha kulala cha mzee hiyo ndiyo yake. Aiwashe saa moja kabla ya kulala kwa kiwango cha chini kama ina swichi mbili, mlango umefungwa, na azime akipanda kitandani. Usiku kucha isiwake. Iwe umbali wa mita moja kutoka kitandani, kwenye pazia na kwenye chandarua, na isianikwe kitu juu yake, hata soksi. Najua soksi ndizo zitakazoanikwa.

Kabla hujalipa, fanya haya pale dukani wala usione haya. Kwanza soma bati dogo lililo nyuma au chini: liandikwe 220–240V na 50Hz. Vitu vya Uingereza viko hivyo na plagi yao ni yetu. Lakini kwenye lundo lile lile huchanganyika vya Japani na Marekani. Hita ya Marekani ya volti 120 ukiichomeka kwenye 240 yetu inavuta nguvu mara nne: ile ya 1500 inakuwa ya 6000, kwa sekunde chache za maisha yake zilizobaki. Ya Japani ya volti 100 inakaribia mara sita. Na ukiona muuzaji amekata plagi ya asili akafunga ya kwetu, uliza mara mbili.

Kisha mwambie aiwashe, mkae dakika ishirini mkipiga soga. Harufu ya vumbi mwanzoni si neno, na mlio wa tik tik ni chuma kinatanuka. Baada ya hapo azime, achomoe, na wewe uguse miguu ya plagi. Vuguvugu sawa. Ikikufanya uondoe kidole, mrudishie. Angalia chini kwenye mbavu kama kuna unyevu wa mafuta au doa, na ukiona tone moja achana nayo hata akupunguzie nusu. Angalia kutu pia. Hita iliyokaa miezi kwenye duka la upepo wa bahari, chumvi inaingia kwenye swichi na miguu ya plagi. Uso unaweza kung'aa na ndani kukawa kijani. Kama ina swichi ya kujizima ikiinama, iinamishe ikiwa inawaka, utasikia inakata.

Halafu, dada yangu, umesema miguu. Miguu haitaki wati 1500. Mpelekee na ule mpira wa maji moto wenye mfuko wa kitambaa, unapatikana kwenye maduka ya dawa. Lita moja na nusu ya maji kutoka baridi mpaka digrii 80 ni kama sehemu moja ya kumi ya yuniti, shilingi tatu hivi kwa hesabu yetu ya juu. Uwekwe chini ya blanketi upande wa miguuni nusu saa kabla hajapanda. Maji yasiwe yale yanayotokota, hewa itolewe kabla ya kufunga kizibo, na kila msimu mtazame kama mpira umeanza kupasuka pasuka. Hapa kuna sharti moja zito: kama mama ana sukari, au miguu yake imekufa ganzi, mpira uondolewe kabla hajalala, kwa sababu ataungua na hatajua mpaka asubuhi. Muulize mwenyewe kwa upole, wazee wa kule hawapendi kutaja maradhi kwa wakwe zao.

Ukiipakia kwenye basi, hita ya mafuta isafiri imesimama. Mwambie utingo asiilaze chini ya mizigo, na uifunge magurudumu yake kwa kamba. Kama hata hivyo itafika imelazwa, maana utingo ni utingo, waisimamishe wima na waiache mpaka kesho yake mafuta yatulie ndani, ndipo wachomeke.